Shajara ya mradi: maji ya mkonge kuwa gesi ya jikoni

8 Januari

Kuba la mtambo wetu wa gesi limepita mtihani. Fundi mwashi alimaliza lipu ya ndani kabla ya sikukuu, tukaliacha likauke, kisha tukajaza maji, tukafunga vali na kuweka mrija mwembamba wa maji wa kupimia mgandamizo. Jana jioni maji ya mrijani yalisimama sentimita 80; leo asubuhi bado 80. Mtambo unaovuja hauna faida hata ukiulisha asali, kwa hiyo hakuna kilichoingia humo kabla ya namba ya jioni na ya asubuhi kulingana.

Kwa anayeungana nasi leo: tupo wilayani Korogwe, kwenye ushirika wa wakulima wadogo wa mkonge. Nyuma ya korona yetu, mashine ya kukamua majani ya mkonge, kuna mfereji. Majani yakipita kwenye korona, katika kila kilo 100 singa, yaani nyuzi, ni kilo 4 hivi. Kilichobaki, yaani maji na nyama ya jani, kinaingia mferejini na kuteremka bondeni. Mmea huu ulifika pwani hii mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza vichipukizi kutoka Florida na 62 tu vikafika vikiwa hai. Tangu hapo mkoa mzima wa Tanga umeishi kwa zile kilo 4. Sisi tunashughulika na zile 96.

Ndani ya maji hayo mna sukari. Mkonge ni ndugu wa mmea unaotengenezewa tekila kule Meksiko, na kama ndugu yake, akiba yake hauiweki kama wanga wa muhogo. Unaiweka kama minyororo ya fruktosi iitwayo fruktani, nayo huyeyuka majini. Sukari hiyo ikifika mtoni, bakteria huila huku wakimaliza oksijeni, na samaki wanakosa pumzi. Ikifika kwenye kuba lisilo na hewa, vijidudu wengine huila na kutuachia gesi inayowaka.

Hatuko wa kwanza kulifikiria hili. Pale Hale, katika wilaya hii hii, Katani Limited walijenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa bayogesi ya mabaki ya mkonge, wakiungwa mkono na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Ule ni wa shamba kubwa lenye korona kubwa. Swali letu ni dogo zaidi, na ndilo linalonikosesha usingizi: je, watu wenye ekari chache chache wanaweza kupata gesi ya uhakika kila siku, kwa kuba la mita 9 za ujazo na vifaa vinavyopatikana Korogwe mjini? Ramani tuliyotumia ni ya aina ileile ambayo CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, imeieneza vijijini kwa ajili ya kinyesi cha ng'ombe. Hatukubadilisha tofali hata moja. Tunachobadilisha ni chakula.

15 Januari, hesabu

Kwenye kikao mzee mwenyekiti aliuliza kwa nini tusitengeneze ethanoli, kwani sukari si ndiyo hiyo hiyo? Swali lake lilistahili karatasi, na hii ndiyo niliyompelekea.

Molekuli moja ya glukosi ikichachushwa mpaka mwisho bila hewa hutoa molekuli tatu za methani, ndiyo gesi inayowaka, na tatu za hewa ukaa. Ukibadilisha kuwa uzito, kilo moja ya sukari hutoa lita 373 za methani zikipimwa kwenye nyuzi sifuri. Kwa joto la kuba letu, nyuzi 28, ujazo huo unakuwa lita 410 hivi. Methani hiyo inabeba karibu asilimia 95 ya nishati iliyokuwa kwenye sukari. Ethanoli nayo hubeba nyingi, lakini hubaki imeyeyuka majini, na kuitoa lazima uchemshe maji yote. Kwa maji yenye sukari kidogo kama yetu, kuni za kuchemshia zingemeza sehemu kubwa ya faida. Gesi inajitenga yenyewe: inapanda juu, tope linabaki chini, hakuna aliyewasha moto.

Kuna pia hidrojeni, ambayo baadhi ya vijana wetu wamesoma habari zake na wanaitaka sana. Bakteria wa jamii ya klostridia hutoa hidrojeni kutoka kwenye sukari, lakini hata njia yao bora kabisa hutoa molekuli nne tu kwa kila glukosi, sawa na asilimia 41 ya nishati. Kilichobaki kinalala kwenye asidi ya siki. Nimewaahidi tutalijaribu baadaye kwa kiasi kidogo.

Sasa maji yenyewe. Tunayakinga chini ya ngoma ya korona, yale ya kwanza yanayokamuliwa kabla maji ya kusafishia hayajaingia. Kipimo cha Briksi kilisoma 8. Kifaa hicho husoma kila kilichoyeyuka, zikiwemo chumvi na asidi, kwa hiyo nimepunguza: katika lita 100 mna kilo 8 za vitu vilivyoyeyuka, nami nahesabu kilo 6 kuwa sukari. Kilo 6 mara lita 410 ni karibu mita 2.5 za ujazo za methani kwa siku, endapo kila chembe italiwa. Hiyo ndiyo dari. Kila tutakachopima kuanzia hapa kitalinganishwa nayo.

23 Januari

Leo tumeingiza mbegu, yaani tope lenye vijidudu wa kuanzia. Mfugaji mmoja wa kijiji jirani ana mtambo wa kinyesi uliofanya kazi kwa miaka, akaturuhusu kuchota tope lake kwa madumu. Juu yake tumeongeza kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichokorogwa na maji, nusu kwa nusu, mpaka kuba likafika ujazo wa kazi wa mita 6 hivi. Sehemu ya juu imeachwa kwa gesi.

Mtu akikosa mtambo wa kuchota mbegu, kinyesi peke yake kinatosha, ila atasubiri zaidi. Vijidudu wanaotoa methani wapo tumboni mwa ng'ombe, na wapo pia kwenye matope ya vinamasi. Mwaka 1776 Alessandro Volta alikusanya gesi iliyobubujika kutoka matope ya Ziwa Maggiore, akaiwasha. Sisi tunawahamisha vijidudu haohao na kuwapa nyumba ya tofali.

9 Februari

Moto umewaka. Gesi ya mwanzo tuliiachia, kwa sababu kuba linapoanza huwa na hewa ya kawaida iliyochanganyika na methani, na mchanganyiko wenye methani kati ya asilimia 5 na 15 unalipuka. Hilo nimelirudia kwa kila aliyefika leo, mpaka kwa watoto: hakuna kiberiti wala sigara karibu na shimo la kutolea tope, na ukinusa gesi jikoni, fungua dirisha kwanza.

Kupima ubora hatuna mashine. Tunatumia bomba la sindano. Unavuta mililita 40 za gesi, kisha maji kidogo yenye kostiki soda, ile wanayonunua watengeneza sabuni, halafu unatikisa huku umeziba mdomo. Kostiki inameza hewa ukaa, na kinachobaki ni methani kwa makadirio mazuri. Vaa glavu na miwani, kostiki inaunguza. Leo mililita 24 zilibaki kati ya 40, yaani asilimia 60. Kwa gesi ya kinyesi hiyo ni namba nzuri.

20 Februari

Tumeanza maji ya mkonge, lita 20 kwa siku, pamoja na ndoo ya kinyesi kila asubuhi. Kinyesi kitaendelea kuingia daima, hata kama sukari ndiyo inayotoa gesi nyingi. Maji ya mkonge yana upungufu mkubwa wa naitrojeni, na vijidudu wanahitaji sehemu moja ya naitrojeni kwa kila sehemu 20 hadi 30 za kaboni. Wanahitaji pia chuma, nikeli na kobalti kwa kiasi kidogo sana. Ng'ombe anavileta vyote kwa ndoo moja.

Mambo mawili ya mikono. Maji haya yanawasha ngozi vibaya, kwa sababu ya fuwele za kalisi oksaleti zenye ncha kama sindano. Glavu ndefu na buti si hiari. Na yanatoa povu, maana mkonge una saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni. Jana povu lilipanda mpaka kwenye bomba la gesi. Tumeweka chupa ya mtego kwenye bomba ili povu na maji vibaki humo, na tunamimina maji ya mkonge polepole kupitia bomba linaloishia chini ya uso wa tope badala ya kuyarusha kutoka juu. Povu limetulia.

Singa fupi nazo zinataka uangalizi. Zikiingia zinaelea, zinashikana, na kufanya blanketi gumu juu ya tope ambalo gesi haipiti. Tumeweka wavu wa dirisha mara mbili kwenye karo la kulishia. Kijana anayesafisha wavu ana kazi muhimu kuliko yangu, nami nimemwambia hivyo mbele ya wote.

11 Machi

Lita 100 kwa siku, imefika bila mtikisiko. Tulipanda hatua kwa hatua, tukikaa kila hatua mpaka gesi iache kubadilika. Mita ya gesi inasoma wastani wa mita 3.5 za ujazo kwa siku, na bomba la sindano linaonyesha methani asilimia 54. Ukizidisha, ni mita 1.9 za methani kwa siku, kama robo tatu ya ile dari ya Januari. Nimefurahi sana.

Kuna waliouliza kwa nini methani imeshuka kutoka 60. Hiyo haimaanishi ugonjwa. Sukari kwa hesabu yake hutoa methani na hewa ukaa nusu kwa nusu. Kinachotuvusha juu ya 50 ni hewa ukaa kidogo inayobaki imeyeyuka kwenye tope. Kinyesi kina mafuta na protini, na hivyo hutoa methani kwa uwiano mkubwa zaidi. Anayelisha sukari asitafute 65, hataipata.

Mama lishe anayepikia wafanyakazi wa korona sasa anatumia gesi yetu asubuhi na mchana. Jiko lake tumelipanua tundu la gesi, kwa sababu bayogesi ina nishati ndogo kuliko gesi ya mtungi na tundu la mtungi halitoshi. Maharage ya saa nne yameiva kwa maji ya mkonge yaliyokuwa yakienda bondeni.

25 Machi, kulisha kupita kiasi kwa makusudi

Hili ndilo nililolitaka hasa tangu mwanzo, na naomba msomaji anivumilie kwa urefu.

Ndani ya kuba kuna makundi mawili yanayotegemeana. La kwanza linavunja fruktani kuwa sukari ndogo, na sukari kuwa asidi: siki, na nyingine za jamii yake. La pili linakula asidi ya siki na hidrojeni na kutoa methani. Kundi la kwanza huongezeka maradufu kwa saa chache. La pili huchukua siku kadhaa. Ukilisha kinyesi au majani makavu, kazi ya kuvunja ndiyo ngumu, na kundi la pili halizidiwi. Ukilisha sukari, kuvunja ni kazi ya saa chache tu. Asidi inamwagika yote kwa pamoja kwa kundi lisiloweza kukimbia. Asidi ikizidi, tope linachacha, na kundi la pili, ambalo hupenda pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6.8 na 7.5, linaacha kula. Hapo asidi inazidi tena. Mtambo wa sukari haufi kwa njaa, hufa kwa shibe.

Wengi huangalia pH peke yake. Tulitaka kuonyesha kwamba pH inachelewa kusema. Tope lenye afya lina akiba ya bikaboneti inayomeza asidi. Wakati akiba hiyo inaliwa, pH inabaki imetulia kana kwamba hakuna kinachotokea, na ikianza kushuka, akiba imeshakwisha. Kwa hiyo mwalimu wa kemia wa sekondari ya jirani ametusaidia kupima kitu kingine: unachuja tope, unadondoshea asidi ya salfuriki iliyopunguzwa mpaka pH ifike 5.0, unaandika kiasi, unaendelea mpaka 4.4, unaandika tena. Kipande cha kwanza kinakupa akiba, cha pili kinakupa asidi zilizolimbikizana. Uwiano wa asidi kwa akiba ukiwa chini ya 0.3 au 0.4 mtambo una raha. Ukivuka 0.5 punguza chakula.

Tulipokuwa kwenye lita 100 uwiano ulikuwa 0.28. Tukapandisha kuwa lita 160 kwa mkupuo. Gesi iliongezeka mara moja, na kila mtu aliyekuwa pale alifurahi isipokuwa mwalimu na mimi, maana uwiano ulikuwa umeshafika 0.39 wakati pH bado 7.1. Kisha 0.52, pH ikiwa 7.0. Mtu mwenye karatasi ya pH peke yake angesema mtambo ni mzima. Kisha mambo yakaenda kwa kasi: uwiano 0.8, pH 6.6, methani asilimia 43. Mama lishe hakuhitaji kipimo chochote. Alisema, "Mwanangu, moto leo unaruka, haukai kwenye jiko." Ndivyo hewa ukaa nyingi inavyofanya: mwali unanyanyuka kutoka kwenye tundu na kuzimika.

Jaribio tumelisimamisha leo. Kikomo cha kuba hili, kwa joto hili na bila kukorogwa, kipo kati ya lita 100 na 160, na nitakapokitafuta tena nitapanda kwa lita 10 kila hatua. Ila lililo kubwa kuliko kikomo ni ule mwanya kati ya uwiano na pH. Kwenye chati uwiano uliwahi kutoa onyo siku kadhaa kabla ya pH. Siku hizo ndizo mwenye mtambo anazohitaji ili kuokoa kazi yake.

14 Aprili

Mtambo umepona. Hatua ya kwanza ilikuwa kuacha kulisha kabisa, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Kundi la pili likipewa muda humaliza asidi lenyewe. Hatua ya pili ilikuwa magadi. Tulinunua magadi yaleyale ya sokoni ya kulainishia maharage, tukayayeyusha na kuyaingiza kilo 2 kwa siku mpaka uwiano ulipoanza kuteremka, jumla chini ya kilo 10.

Chokaa ingekuwa rahisi kupata, na mafundi wengi huitumia. Inapandisha pH kwa kishindo, lakini inafanya hivyo kwa kuvuta hewa ukaa na kugeuka unga wa mawe unaotua chini ya kuba. Magadi yanaleta bikaboneti yenyewe, ile akiba hasa iliyoliwa. Yana sodiamu, na sodiamu ikizidi gramu 3 na nusu kwa lita huanza kuwasumbua vijidudu. Kwa kilo 10 katika mita 6 za ujazo tupo mbali sana na hapo. Lakini magadi ni dawa, hayafai kuwa chakula cha kila siku.

Cha kila siku tumekipata zizini: mkojo wa ng'ombe. Yurea yake ikivunjika inatoa amonia, na amonia ikikutana na hewa ukaa ndani ya tope inakuwa akiba ya bikaboneti. Naitrojeni na kinga kwa ndoo moja, bure. Mfugaji amesakafia zizi kwa mteremko na kuweka karo la kukingia. Lita 10 kwa siku zinaingia pamoja na lita 100 za maji ya mkonge, na uwiano umetulia kwenye 0.24, chini kuliko ulivyokuwa mwanzo.

5 Mei

Masika. Barabara ya kutoka mashambani imegeuka tope, trekta la majani halipiti, korona imesimama. Hakuna maji ya mkonge. Vijidudu hawa hawafi kwa kufunga wiki chache, wanalala tu, lakini jiko la mama lishe halilali.

Tumetumia molasi, ile wanayouziwa wafugaji madukani, masalia ya viwanda vya sukari ya miwa. Nusu yake kwa uzito ni sukari, kwa hiyo kilo 12 zilizozimuliwa kwa maji zinakaribia sukari ya lita 100 zetu. Gesi ilirudi vizuri. Gharama yake hairuhusu iwe chakula cha kudumu, na mradi usingekuwa na maana kama tungekuwa tunanunua sukari ili kupata moto. Kama akiba ya masika inafaa.

Ila imeleta jambo la kuangaliwa kwa makini. Molasi ina salfeti nyingi, na salfeti ndani ya kuba inageuzwa kuwa salfaidi ya hidrojeni, gesi ya mayai viza. Kichujio chetu ni bomba lililojazwa stilwaya zilizoshika kutu. Kutu inashika salfa na kugeuka nyeusi. Kwa maji ya mkonge kilidumu muda mrefu, kwa molasi kilijaa upesi na harufu ikafika jikoni. Tumefunga vichujio viwili vya kupokezana. Kilichojaa hutolewa nje kikapigwe na hewa, nayo kutu inarudi na kutumika tena. Kifanyiwe hivyo mbali na nyumba, kikiwa kimeloweshwa, kwa sababu kinapata joto kali kinapokutana na hewa.

Na kwa yeyote anayefikiri pua itamlinda: gesi hii ikiwa kidogo inanuka sana, ikiwa nyingi inaua uwezo wa kunusa kabla haijamuua mtu. Hakuna anayeingia kwenye kuba wala shimo la kutolea kwa sababu yoyote. Kitu kikidondokea humo, kibaki humo.

28 Mei, tangi la uchachu

Majani yamerudi. Tumetimiza ahadi kwa vijana wa hidrojeni, na kwa njia hiyo tumepata kitu chenye faida kwetu sote.

Wazo ni kuyatenganisha yale makundi mawili. Tangi la plastiki la lita 500 limewekwa kabla ya kuba. Maji ya mkonge yanakaa humo siku mbili, yanachachuka mpaka pH inafika karibu 5 kisha yanaingia kubani yakiwa tayari asidi, kwa kiasi kidogo kidogo kutwa nzima badala ya mkupuo wa asubuhi. Kundi la haraka linafanya fujo zake kwenye tangi lake. Kuba linapokea kile tu linachoweza kula.

Gesi inayotoka kwenye tangi hilo tuliipima kwa bomba la sindano. Sehemu iliyobaki baada ya kostiki haikuwa methani, maana kwenye uchachu huo methani haitoki. Tuliikusanya kwenye puto dogo, tukaenda nalo uwanjani, tukaliwasha mwishoni mwa fimbo ndefu: mlio mkali, mwali usioonekana vizuri mchana. Hidrojeni. Vijana walishangilia, na ninaelewa kwa nini.

Lakini ni kidogo, na imechanganyika na hewa ukaa. Hidrojeni inawaka kwenye hewa ikiwa kati ya asilimia 4 na 75, upana unaotisha kwa kifaa cha kijijini, na sina nia ya kuihifadhi karibu na jiko. Tangi lina bomba la kupumulia linalopanda juu ya paa na kuishia mahali pa wazi. Hasara ya nishati inayotoka humo naikubali, kwa sababu nyingi ya ile ya sukari inabaki kwenye asidi na inaingia kubani.

Kwa njia hii tumefika lita 130 kwa siku, uwiano 0.3.

21 Juni

Hesabu ya jikoni, kwa wale walioiomba. Kwa lita 130 tunapata zaidi ya mita 4 na nusu za ujazo za gesi kwa siku. Kuba linahifadhi mita 2 hivi kwa wakati mmoja. Mama lishe akipika asubuhi na mchana inaenda, lakini Jumapili korona ikipumzika gesi inasukuma tope nje na kutoroka kupitia shimo la kutolea. Hiyo siikubali hata kidogo, kwa sababu methani inayotoroka inapasha dunia joto mara nyingi zaidi ya hewa ukaa. Mpaka mfuko wa gesi ufike, Jumamosi tunapunguza chakula, na kinachozidi kinachomwa.

Kwa kulinganisha nishati, mita 3.5 za Machi zilikuwa sawa na kilo 1.3 hivi za gesi ya mtungi kila siku, yaani mtungi wa kilo 15 katika siku kumi na moja au kumi na mbili. Mama lishe ameacha mkaa kabisa kwa chakula cha mchana. Chapati bado anapikia mkaa, anasema moto wa gesi hautandai vya kutosha chini ya kikaango chake kikubwa. Fundi anamtengenezea jiko la pete mbili.

Tope linalotoka tunalirudisha shambani, na wakulima wanagombania zamu. Linarudisha naitrojeni, potasiamu na kalisi, ambazo mkonge huzichukua kwa wingi.

Kuhusu umeme, kikao kimejadili kwa muda mrefu. Jenereta ndogo ya gesi hugeuza kama robo tu ya nishati kuwa umeme, na kwa kuba moja tungepata taa na chaji za simu huku jiko likizimwa. Msimamo wangu, ambao kikao kimeukubali, ni jiko kwanza. Tunajenga kuba la pili la mita 13 baada ya mavuno ya mahindi, karibu zaidi na korona ili maji yateremke yenyewe, na mfereji wa bondeni utawekewa lango. Tofali zimeanza kufyatuliwa. Kinachosubiriwa sasa ni bei ya bomba la inchi moja kutoka Tanga mjini, na ruhusa ya mwenye kiwanja cha chini, ambaye ameomba aone kwanza kuba la kwanza likifunguliwa vali mbele yake. Anakuja Jumanne.